Je, nimkabidhi mhazini programu iliyoandikwa na akili mnemba ambayo siwezi kuisoma yote?

Karani wa Kibirizi (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Mimi ni karani wa kikundi kidogo cha wenye vyombo vya dagaa hapa Kigoma, katika mwalo wa Kibirizi. Kila asubuhi naandika mauzo, gharama za mafuta, betri za taa, chakula cha wavuvi na ushuru, na giza (yaani kipindi cha usiku usio na mbalamwezi, ambacho ndicho tunachovua dagaa kwa taa) linapokwisha, wavuvi wakiwa wamepumzika kwa sababu ya mbalamwezi, napiga hesabu ya mgao. Utaratibu wetu ni kwamba gharama hutolewa kwanza, kinachobaki hukatwa katikati, nusu ikaenda kwa mwenye chombo na nusu nyingine wakagawana wavuvi sawasawa. Yote hayo yamo katika daftari kubwa ambalo kila mvuvi ana haki ya kulifungua, na hakuna anayebishana nalo.

Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nimejifunza mwenyewe, jioni baada ya kazi, kwa kiwango cha kuandika programu fupi na kuelewa kilichoandikwa katika masomo ya wanaoanza. Kwa kumtumia msaidizi wa akili mnemba nimepata kitu ambacho peke yangu kingenichukua muda mrefu sana kukifikia, yaani programu inayopokea mauzo na gharama, inayatunza katika hifadhidata ya SQLite, na mwisho inatoa karatasi ya mgao kwa kila chombo, tayari kuchapishwa. Mhazini wetu ameiona, ameipenda, na anataka tuianze mara moja.

Kinachonizuia ni mambo matatu. Kwanza, sehemu kubwa ya msimbo huo, yaani maandishi ya programu yenyewe, siwezi kuisoma kwa uhakika. Naona maneno ninayoyafahamu, lakini sioni kwa nini yamepangwa hivyo. Pili, kila ninapoomba kitu kimoja kirekebishwe, kwa mfano upana wa safu katika karatasi, msaidizi anagusa na sehemu nyingine ambazo sikumwomba aziguse, na mimi sina njia ya kujua ni zipi. Tatu, nilimwomba aandike majaribio ya kuhakiki programu, akayaandika, yakapita yote, kisha akanihakikishia kwamba kila kitu kiko sawa, nami sijui uhakikisho wa namna hiyo una uzito gani.

Sitafuti kazi ya kuandika programu mjini. Mimi ni karani na nitaendelea kuwa karani. Swali langu ni kama mtu wa kiwango changu anaweza kuikabidhi programu ya namna hii kwa watu ambao fedha yao ndiyo chakula cha nyumbani, na kama anaweza, afanye nini kwanza. Naomba kuwasilisha.

---

Nyuki wa Sikonge

Dada karani, salaam kutoka Tabora. Mimi pia si msomi wa kompyuta. Natunza hesabu za wafugaji wa nyuki, na programu ninayoitumia niliijenga kwa njia kama yako. Nitaanza na swali lako la tatu, kwa sababu ndilo linaloyafungua hayo mengine mawili.

Majaribio aliyoyaandika msaidizi hayakuhakikishii chochote kuhusu mgao wenu. Ameyaandika kutokana na msimbo aliouandika mwenyewe, kwa hiyo kama alielewa vibaya utaratibu wenu, ameuelewa vibaya mara mbili, na mara zote mbili majibu yatalingana; ni mtahiniwa aliyepewa kalamu nyekundu ajisahihishie mtihani. Ukimuuliza kwa maneno kama yuko sahihi, mara nyingi atakubali, na ukimwambia amekosea, mara nyingi atakubali vilevile.

Wewe unacho kitu ambacho wanaolipwa kuandika programu hukitafuta na mara nyingi hawakipati, nacho ni daftari lenye majibu yaliyokwisha kulipwa bila mtu kulalamika. Chukua vipindi vya giza vilivyokwisha kufungwa, ingiza takwimu zake kama zilivyo, kisha linganisha karatasi ya programu na ukurasa wa daftari hadi shilingi ya mwisho. Usichague vipindi vizuri. Chagua kile ambacho mvuvi mmoja aliugua akaondoka katikati, kile ambacho injini iliharibika na gharama zikazidi mauzo, kile ambacho mtu alichukua fedha mapema, na kile kilichoanza mwezi mmoja wa kalenda kikaishia mwezi uliofuata.

Hicho cha mwisho kitazame kwa jicho kali. Kutoka mbalamwezi moja hadi nyingine ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo giza halifuati Januari wala Februari. Msaidizi wa akili mnemba amesoma programu nyingi za mishahara na za maduka, ambazo karibu zote hufunga hesabu mwisho wa mwezi, na usipomwambia waziwazi atafunga hesabu zenu tarehe 30 au 31 huku vyombo viko majini.

Jaribu pia kipindi kisicho na mauzo kabisa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, bila shaka daftari lenu lilibaki na kurasa tupu. Programu inayotafuta wastani wa mauzo kwa usiku, ikikuta idadi ya usiku ni sifuri, itajaribu kugawa kwa sifuri na itasimama hapo hapo. Afadhali isimame mbele yako kuliko mbele ya mhazini.

Ikipita katika hayo yote, mimi ningeikabidhi, hata kama nusu ya msimbo ingebaki fumbo kwangu. Kwa maoni yangu, kwa sisi tunaojifunza wenyewe, kujua jibu sahihi linavyopaswa kuwa kuna thamani kuliko kusoma kila mstari.

---

Mwalimu Isevya

Nakubaliana na Nyuki wa Sikonge kuhusu daftari, lakini sikubaliani na hitimisho lake. Daftari linathibitisha yale tu yaliyokwisha kutokea. Siku litakapotokea jambo jipya, tuseme mmeongeza chombo chenye wamiliki wawili, programu itatoa namba, namba hiyo itaonekana nadhifu kama zilizotangulia, na hakutakuwa na ukurasa wa zamani wa kuilinganisha nao. Kwa hiyo sehemu inayogusa fedha ni lazima uisome, na nasisitiza ni sehemu hiyo tu.

Mwezi Februari 2025, Andrej Karpathy, mmoja wa watafiti wanaofahamika sana katika taaluma hii, alieleza namna ya kutengeneza programu kwa kuongea tu na akili mnemba na kusahau kabisa kwamba msimbo upo. Wengi waliitwaa kauli hiyo kama ruhusa. Hata hivyo, yeye mwenyewe aliiweka njia hiyo katika miradi ya mwishoni mwa wiki, ya kutumia na kutupa. Mgao wa wavuvi hauingii katika kundi hilo.

Ushauri wangu, dada karani, ni umwombe msaidizi atenganishe programu katika mafaili, ili hesabu ya mgao ikae peke yake, mbali na kuchapisha karatasi, kupanga safu na kufungua hifadhidata. Utashangaa jinsi itakavyokuwa fupi. Kisha faili hiyo uifute na uiandike upya kwa mkono wako, ukimtumia msaidizi kama mtu wa kuulizwa maana ya kitu usichokielewa, asiguse msimbo wenyewe. Yale mengine, ya safu na rangi na vitufe, mwachie. Yakiharibika mtayaona kwa macho.

Ukiiandika, fedha iwe namba nzima za shilingi tangu mwanzo hadi mwisho. Kompyuta hutunza desimali kwa namna ambayo 0.1 ukijumlisha na 0.2 katika Python haikupi 0.3 kamili, inakupa 0.30000000000000004. Tena, kitendo cha round katika Python 3 hakifanyi kama tulivyofundishwa darasani, kwa sababu nusu kamili hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu, hivyo 77,156.5 inakuwa 77,156, ilhali 77,157.5 inakuwa 77,158. Si kosa, ni utaratibu wenye sababu zake, lakini haumo katika daftari lenu.

Tuchukue mfano. Mauzo ni 1,847,000, gharama ni 612,500, kinachobaki ni 1,234,500, na nusu ya wavuvi ni 617,250. Wavuvi wakiwa wanane, kila mmoja anastahili 77,156 na robo. Hakuna mhazini Kigoma atakayemhesabia mtu shilingi sita na robo, kwa sababu sarafu ya 50 ndiyo ndogo inayoonekana mikononi mwa watu. Kwa vyovyote mna desturi ya kumaliza chenji hiyo, na sidhani kama uliwahi kumweleza msaidizi, kwa kuwa kwako ni jambo lililo wazi mno. Muulize programu yako inafanya nini na hizo sita na robo.

Kuhusu swali lako la pili, dawa yake ni Git, programu ya kutunza kila toleo la msimbo, ambayo Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Kabla ya kumwomba msaidizi chochote, hifadhi hali ya programu ilivyo. Akimaliza, amri ya `git diff` itakuonyesha kila mstari ulioongezwa na kila mstari ulioondolewa katika mafaili uliyokwisha kuyahifadhi. Uliomba upana wa safu, na faili ya mgao imeguswa? Rudisha yote nyuma, omba upya, na safari hii mtajie faili anayoruhusiwa kuigusa.

---

Mchikichi

Mtoa mada, naomba niulize jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Unapompa msaidizi takwimu ili arekebishe programu, je, unampa na majina ya wavuvi na namba zao za simu? Wasaidizi wengi wa aina hii hufanya kazi kwenye seva zilizo nje ya nchi, na chochote unachokibandika kinasafiri hadi huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, haibagui kampuni kubwa na karani wa mwalo. Tengeneza hifadhidata ya bandia yenye Mvuvi A na Mvuvi B na uitumie hiyo katika mazungumzo yote. Daftari halisi lilinganishe kwenye kompyuta yako bila msaidizi kuhusika.

---

Fundi Gungu

Mimi nina mawili ya haraka.

La kwanza ni bando. Kama linakusumbua, ipo mifano (modeli) ya akili mnemba inayoendeshwa kwenye kompyuta yako bila intaneti. Programu ya Ollama hukuwezesha kupakua, kwa mfano, Qwen2.5-Coder ya ukubwa wa kati, ambayo ni takriban GB 4.7, na ukishaipakua mara moja hulipii tena. Sitakudanganya: kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 8 inajikongoja, na uwezo wake hauufikii ule wa mifano mikubwa. Ila kwa kuuliza maana ya mstari fulani inatosha kabisa, na swali la Mchikichi linakuwa limejibika, kwa kuwa hakuna kinachotoka nje ya kompyuta yako.

La pili, angalia mistari ya `import` iliyo juu ya kila faili, ambayo huita maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine. Wasaidizi hawa wakati mwingine hutaja maktaba ambayo haipo, kwa jina linalosadikika kabisa, na wapo wajanja wanaoweza kusajili jina hilo katika PyPI, ghala la mtandaoni la maktaba za Python, na kuweka humo msimbo wenye madhara, wakimngoja mtu atakayeamini. Kwa kazi yako huhitaji chochote cha kupakua. Moduli za sqlite3, csv na datetime huja pamoja na Python yenyewe. Ukiona jina la ziada, muulize msaidizi linafanya kazi gani ambayo hizo tatu haziwezi, na asipokuwa na jibu la maana mwambie aliondoe.

---

Karani wa Kibirizi (mtoa mada)

Nawashukuru nyote. Mchikichi, majina ya bandia nimeyatengeneza, na hakuna namba ya simu iliyobaki katika faili za majaribio. Fundi, palikuwa na maktaba moja ya ziada, ya kupanga tarehe. Ipo kweli, lakini haikuwa na kazi ambayo datetime haifanyi, kwa hiyo imeondolewa.

Nimeingiza vipindi vya zamani kama alivyoshauri Nyuki, nikianza na vile vyenye matata. Kwa bahati, mwisho wa mwezi haukuleta shida, kwa kuwa msaidizi nilikuwa nimemweleza kuhusu giza. Kilicholeta shida ni jioni na alfajiri. Vyombo vyetu huondoka jioni na kurudi asubuhi, kwa hiyo mafuta ya usiku wa kwanza huandikwa kwa tarehe ya jioni, na mauzo yake kwa tarehe ya siku inayofuata. Programu ilikuwa inalianza giza siku ya mauzo ya kwanza, na mafuta ya jioni iliyotangulia yakawa yanabaki nje ya hesabu. Karatasi ilionyesha mgao mkubwa kidogo kuliko wa daftari, kila kipindi, kwa vyombo vyote. Katika majaribio ya msaidizi mafuta na mauzo yalikuwa na tarehe moja, ndiyo maana yakapita. Sasa kila safari ina namba yake, na gharama zinafuata namba ya safari badala ya tarehe.

Mwalimu, faili ya mgao nimeitenganisha na kuiandika upya. Kuhusu zile sita na robo, programu ilikuwa inazikadiria kimyakimya, na jumla ya mgao ikawa pungufu ya nusu kwa shilingi mbili ambazo hazikuonekana popote. Desturi yetu ni kushusha hadi hamsini iliyo karibu na kuweka kinachobaki katika mfuko wa taa. Nimeiandika hivi (alama ya `//` hugawa na kubakiza namba nzima, na `*` huzidisha), na naomba uitazame:

```
mgao = (nusu // wavuvi) // 50 * 50
mfuko_wa_taa = nusu - mgao * wavuvi
```

Kwa mfano wako inanipa 77,150 kwa kila mvuvi na 50 kwa mfuko wa taa, na inalingana na daftari katika vipindi vyote vyenye faida. Kile cha injini kuharibika bado sijakijaribu, kwa kuwa gharama zake zilikuwa kwenye kijitabu cha fundi na ndiyo kwanza nimekipata.

---

Mwalimu Isevya

Mistari yako ni sahihi kwa faida, na ni mifupi kiasi kwamba hata mhazini anaweza kuelezwa akaielewa. Kabla ya kuingiza kile kipindi cha injini, jaribu kwa mkono nusu iwe hasi, tuseme -18,150. Alama ya `//` katika Python hushusha kuelekea chini siku zote, na chini ya namba hasi ni mbali zaidi na sifuri. Kwa hiyo 18,150 ikigawanywa kwa wanane ni 2,268 na kitu, lakini mistari yako itampa kila mvuvi -2,300, yaani deni kubwa kuliko analostahili, kisha itaweka 250 katika mfuko wa taa, fedha ambayo haipo kwa sababu kipindi kilikuwa cha hasara.

Ukimuuliza msaidizi, atakupa namna kadhaa za kushusha kuelekea sifuri, na zote zitafanya kazi. Usichague hata moja kabla ya kufungua daftari uone mlifanya nini.

---

Nyuki wa Sikonge

Hapo Mwalimu amenishinda. Ningesimamia daftari peke yake, kipindi hicho kingenipita kama kisingekuwamo.

---

Karani wa Kibirizi (mtoa mada)

Nimefungua daftari na nimemuuliza mhazini. Kwetu hasara haigawanywi kwa wavuvi hata kidogo. Huandikwa kuwa deni la chombo, na hutolewa pamoja na gharama za giza linalofuata kabla ya kukata katikati. Kwa hiyo swali la kushusha wapi halipo. Nusu ikiwa hasi, mistari ile miwili hairuhusiwi kufikiwa, mgao unakuwa sifuri, na hasara yote inahamia ukurasa wa mbele. Nimeongeza sharti hilo juu ya mistari hiyo, na kipindi cha injini kimelingana na daftari pamoja na giza lililokifuata.

Mhazini amekubali kwamba giza lijalo tutaandika kotekote, na pale programu na daftari zitakapotofautiana tutalipa kwa daftari. Mwalimu, chombo chenye wamiliki wawili bado hatuna, ila mmoja wa wenye vyombo anazungumza na shemeji yake. Nimemwomba wakishakubaliana masharti waniletee kwa maandishi kabla sijagusa chochote.